Gjon Mili: Mhandisi wa taa aliyemfanya Picasso achore hewani

USIKU usio na mbalamwezi katika vijiji vya Mkoa wa Katavi ni giza la kweli. Ukitoka Mpanda mjini na kushika barabara ya Sitalike, taa za mji zikishabaki nyuma, mtu haoni hata kiganja chake mwenyewe.

Kwa mpiga picha wa kawaida, hapo ndipo kazi huishia. Kwa wale wanaoujua ufundi wa kuchora kwa mwanga, hapo ndipo kazi huanza.

Ufundi huo hauhitaji mambo makubwa. Huhitajika kamera inayoweza kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa, stendi ya miguu mitatu au hata tofali la kuiegemeza isitikisike, tochi, na stensili iliyokatwa kwa mkono kutoka katoni la sabuni au la biskuti.

Kamera hufunguliwa gizani, mwanga wa tochi hupitishwa katika matundu ya stensili kwa kitambo kifupi, kisha kamera hufungwa. Kinachobaki pichani ni umbo la kiboko, la twiga, au jina la mtu, likiwaka mahali ambapo macho hayakuona kitu chochote.

Wengi wanaoufanya ufundi huu duniani, sasa wakitumia hata simu za mkononi, hawamfahamu mtu aliyeufikisha katika meza za mamilioni ya wasomaji wa magazeti. Alikuwa Mualbania aliyehamia Marekani, mhandisi wa umeme kwa taaluma, aliyeitwa Gjon Mili. Jina lake la kwanza hutamkwa karibu sawa na Jon.

Ikumbukwe kwamba Mili hakuwa wa kwanza kuchora kwa mwanga. Wala hakutumia stensili. Lakini kabla yake mambo haya yalikuwa ya maabara na ya wasanii wachache wa Paris. Yeye aliyaendea kwa mlango mwingine: aliijua taa kabla ya kuijua kamera.

Kutoka Korçë hadi Boston

Mili alizaliwa Novemba 28, 1904, katika mji wa Korçë, kusini mashariki mwa Albania ya leo. Wakati huo eneo hilo lilikuwa bado chini ya Dola ya Osmani ya Waturuki, na Albania ilikuja kujitangazia uhuru mwaka 1912.

Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Romania, na ni katika mji mkuu wa nchi hiyo, Bucharest, alikopata elimu yake ya shule. Mwaka 1923, akiwa kijana wa miaka 18, alivuka bahari kwenda Marekani.

Huko alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, iliyopo Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Alisomea uhandisi wa umeme na kuhitimu mwaka 1927.

Alipotoka chuoni aliajiriwa na kampuni ya Westinghouse, moja ya makampuni makubwa ya umeme ya Marekani wakati huo, akawa mtafiti wa taa. Kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka kumi.

Miaka hiyo kumi huwa inarukwa na wengi wanaosimulia habari zake, pengine kwa sababu haina wacheza dansi wala watu mashuhuri. Hata hivyo, ndiyo inayoeleza yote yaliyofuata.

Mtafiti wa taa hushughulika na maswali ambayo mpiga picha wa kawaida hubahatisha tu. Mwanga wa taa hii una nguvu kiasi gani ukiwa umbali wa mita moja, na unapungua kiasi gani ukisogezwa hadi mita mbili? Unatawanyikaje ukipita kwenye kioo chenye ukungu? Unaiathiri vipi filamu?

Jibu la swali la pili, kwa mfano, huwashangaza wengi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokifikia kitu haupungui kwa nusu, bali hubaki robo. Mwenye tochi anayeshangaa kwa nini picha yake imefifia baada ya kusogea hatua chache nyuma angelipata jibu kwa Mili bila kusubiri.

Upigaji picha alijifunza mwenyewe. Hakupita kwa fundi wa studio wala chuo cha sanaa.

Mwanga wa kufumba na kufumbua

Mwaka 1937 Mili alikutana na Harold Edgerton, mhandisi wa taasisi ileile aliyosoma. Edgerton alikuwa ametengeneza taa ya umeme inayomulika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na inayoweza kurudia kumulika mara nyingi mfululizo.

Namna taa hiyo inavyofanya kazi inaweza kufananishwa na ndoo inayojazwa maji kwa bomba dogo, kisha ikamwagwa yote kwa mara moja. Umeme hukusanywa taratibu katika kifaa cha kuhifadhia, halafu huachiliwa kwa mkupuo ndani ya bomba la kioo lililojaa gesi. Gesi huwaka kwa nguvu na kuzimika kabla jicho halijatambua.

Edgerton aliitumia kuonyesha namna vitu vinavyotembea kwa kasi. Mili aliona kitu kingine ndani yake. Ikiwa mwanga ni mfupi kiasi hicho, basi mcheza dansi akiwa hewani anaweza kusimamishwa pichani kama sanamu. Na ikiwa mwanga utarudia mara kadhaa huku kamera ikiwa wazi, basi mwendo mzima wa mwili unaweza kuingia katika picha moja.

Aliacha ajira yake ya taa akaingia katika upigaji picha moja kwa moja. Jarida la Life, lililokuwa limeanza kutoka kama jarida la picha Novemba 1936, lilianza kuchapisha kazi zake mwishoni mwa muongo huo. Uhusiano wa Mili na jarida hilo ulidumu kwa zaidi ya miongo minne.

Studio yake jijini New York, katika Mtaa wa 23, ikawa mahali pa watu wa kila aina. Mwaka 1941 mpiga ngoma Gene Krupa alipigwa picha humo akiwa na fimbo zake, mkono mmoja ukionekana katika nafasi nyingi kwa wakati mmoja, kama mtu mwenye mikono ya kuhesabu kwa makumi. Wacheza baleti Nora Kaye na Alicia Alonso nao walipita mbele ya taa zake.

Mwaka 1943 walikusanyika humo wanamuziki wa jazi, miongoni mwao Duke Ellington na Billie Holiday. Pengine ni usiku huo uliompeleka katika filamu.

Kivuli cha mpiga gitaa

Mwaka 1944 kampuni ya Warner Bros. ilimkabidhi Mili kuongoza filamu fupi ya takriban dakika kumi, Jammin' the Blues, ikiwa na wanamuziki kama Lester Young na Illinois Jacquet wapiga saksofoni, na Harry Edison mpiga tarumbeta.

Filamu hiyo inaanza kwa duara mbili zenye mwanga hafifu katika giza. Mtazamaji haelewi anachokiona hadi duara hizo zinapoinuka na kugeuka kuwa kofia ya Lester Young, iliyokuwa ikitazamwa kutoka juu. Moshi wa sigara unapanda katika mwanga. Hakuna jukwaa, hakuna pazia. Kuna giza, na watu wachache waliochongwa na mwanga wa upande mmoja.

Lakini taa hizo zilipewa pia kazi nyingine isiyo ya sanaa. Katika Marekani ya wakati ule, yenye ubaguzi wa rangi uliowekwa hata kwenye sheria za majimbo ya kusini, ilionekana kuwa hatari kibiashara kuwaonyesha Weusi na Mzungu wakipiga muziki pamoja.

Katika kundi hilo alikuwapo Mzungu mmoja tu, mpiga gitaa Barney Kessel. Basi akawekwa kivulini, ili mtazamaji asitambue rangi ya ngozi yake. Anasikika vizuri, lakini anaonekana kwa shida.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha kile kisichoonekana kwa macho alijikuta akiutumia ufundi uleule kuficha uso wa mwanamuziki. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar, na mwaka 1995 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani. Kessel bado yumo kivulini.

Waliotangulia

Kabla ya kufika katika picha zilizomfanya Mili ajulikane zaidi, ni haki kuwataja waliotangulia.

Mwaka 1889 nchini Ufaransa, Georges Demenÿ, aliyekuwa msaidizi wa mwanasayansi Étienne-Jules Marey, alimfunga mtu balbu ndogo katika viungo vya mwili wake na kumwacha atembee gizani mbele ya kamera iliyo wazi. Zilibaki pichani nyuzi za mwanga zinazopanda na kushuka. Lengo lilikuwa la kitabibu, yaani kuuchunguza mwendo wa binadamu.

Mwaka 1914 wahandisi wa Kimarekani, Frank Gilbreth na mkewe Lillian, walifunga taa ndogo mikononi mwa wafanyakazi ili waone ni mizunguko gani ya mkono ingeweza kupunguzwa. Bila shaka wenye viwanda walizifurahia picha hizo kuliko waliofungwa taa.

Kisha mwaka 1935 akaja msanii Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris. Alijipiga picha mwenyewe huku akizungusha kijitaa hewani. Kwa zaidi ya miaka 70 watu walidhani mistari ile ni michoro ya ovyo tu. Ni mwaka 2009 ndipo mpiga picha wa Kimarekani, Ellen Carey, alipoipeleka picha hiyo mbele ya kioo cha kujitazamia na kuona kwamba mistari ile ilikuwa saini ya Man Ray, iliyogeuzwa.

Aliyewahi kujaribu kuandika jina lake hewani kwa tochi akiwa ameielekea kamera anajua kisa hicho kilitokana na nini. Mkono wa kulia wa mwandishi huwa upande wa kushoto wa kamera, na herufi zote hutoka kinyume.

Siku za Vallauris

Katikati ya miaka ya 1940, Mili alifunga taa ndogo katika viatu vya kutelezea barafu vya Carol Lynne, bingwa wa michezo hiyo. Mchezaji aliruka na kuzunguka gizani, na picha ikatoka na nyuzi nyeupe zilizojikunja kama moshi wa ubani usiotikiswa na upepo.

Picha hizo alizibeba alipokwenda kusini mwa Ufaransa mwaka 1949, kwa kazi ya jarida la Life, kumpiga picha Pablo Picasso. Msanii huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 67, alikuwa akifanya kazi Vallauris, mji mdogo wa wafinyanzi.

Picasso alikuwa mtu asiyependa kupotezewa muda na wapiga picha. Alimpa Mili dakika 15. Lakini alipoonyeshwa picha za mtelezaji wa barafu, mambo yakabadilika. Dakika hizo 15 zikazaa vikao vitano na michoro ipatayo 30.

Kilichofanyika ndani ya chumba kile ni rahisi kukieleza, na mtu yeyote anaweza kukirudia. Chumba kilitiwa giza. Mili aliweka kamera mbili, moja ikitazama kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, akaziacha wazi. Picasso alishika taa ndogo ya umeme mkononi akachora hewani: fahali, uso wa Kigiriki unaotazama upande, saini yake mwenyewe, na yule kiumbe wa hadithi za kale ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni farasi.

Kwa mwako mmoja wa flashi, mwili wa mchoraji nao uliingia katika filamu. Ndiyo maana katika picha iliyo maarufu zaidi, Picasso anaonekana amechutama, macho makali yakitazama kamera, na mbele yake unaelea mchoro kamili wa mtu-farasi uliochorwa kwa mstari mmoja usiokatika.

Ugumu haukuwa katika kamera. Mchoraji wa karatasini huona alikoanzia mstari wake, akarudi kuuunganisha. Picasso hakuona chochote. Mstari ulipopita ulikuwa umekwishapotea, na mkono ulilazimika kukumbuka mahali ulipokuwa sekunde kadhaa kabla, kwa urefu, upana na kina. Kamera ya ubavuni ilionyesha pia kwamba mkono wake ulikuwa ukisogea mbele na nyuma, si juu na chini peke yake.

Picha zilichapishwa na Life Januari 1950, na katika mwaka huohuo zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa jijini New York. Miaka hiyohiyo, upande huu wa dunia, Mpanda ilikuwa makazi ya madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ndiyo kwanza inafikishwa huko kwa ajili ya mgodi.

Gizani Afrika Mashariki

Isidhaniwe kuwa picha za gizani ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Baadhi ya picha za mwanzo kabisa duniani za wanyama pori wakiwa katika shughuli zao za usiku zilipigwa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1921, alizipiga mwanzoni mwa karne ya 20 katika nyika za pande za Kilimanjaro. Alitumia unga wa kulipuka uliomulika ghafla pale mnyama alipojitokeza mbele ya kamera, akawapata simba na fisi gizani. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905 na kusomwa sana.

Sifa hiyo haikukosa doa. Chambo cha simba mara nyingi kilikuwa punda au ng'ombe hai aliyefungwa kwenye mti, na Schillings huyohuyo aliua wanyama wengi kwa bunduki kabla na baada ya kuwapiga picha.

Kwa upande wa kukata maumbo kwa mkono, jina la kukumbukwa ni la Omar Said Bakor wa Lamu, nchini Kenya, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Alijifunza upigaji picha mwenyewe, akafanya kazi mitaani kwa miaka mingi, kisha akafungua studio yake katika miaka ya 1960.

Bakor alikuwa fundi wa kukata na kuunganisha. Katika chumba cha giza, sehemu ya karatasi ya picha ikifunikwa kwa umbo lililokatwa, mwanga hupita pale tu palipoachwa wazi. Kwa mbinu za namna hiyo aliwatoa wateja wake wakiwa katika mazingira ambayo hayapatikani popote duniani isipokuwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo stensili na taa vinapokutana. Mili alikuwa na Picasso. Wengine wote wana mkasi na katoni.

Stensili ya katoni

Anayetaka kuandika neno MPANDA kwa mwanga hukutana na tatizo ambalo walimu waliowahi kukata stensili za mitihani wanalijua vizuri. Herufi P, A, D na A za mwisho zina kitovu kilichozungukwa. Ukikata mzunguko wake, kitovu kinadondoka, na badala ya herufi hubaki shimo. Lazima ziachwe daraja ndogo za kukishikilia. Neno KATAVI lina nafuu, kwani ni A mbili tu zinazosumbua.

Umbo likishakatwa katika karatasi ngumu nyeusi, hubandikwa upande mmoja wa katoni. Nyuma yake huwekwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kama ile ya kunakilia michoro, ili mwanga wa tochi usambae badala ya kuonekana kama nukta moja kali. Rangi hupatikana kwa karatasi za peremende zinazopitisha mwanga. Viungo vyote vya katoni huzibwa kwa utepe mweusi, maana uwazi wa upana wa sindano unatosha kuharibu picha.

Stensili ina faida moja ambayo mkono mtupu hauna. Herufi zikikatwa zikisomeka sawasawa kwa nje, na upande huo ukaielekea kamera, hutoka sawasawa. Hazigeuki kama saini ya Man Ray.

Aidha, stensili moja ya kiboko inaweza kuzaa kundi zima. Kamera ikiwa wazi kwa sekunde 30, tochi huwashwa kwa sekunde moja, huzimwa, katoni husogezwa hatua mbili, tochi huwashwa tena. Mwendeshaji aliyevaa nguo nyeusi na asiyejimulika mwenyewe haonekani kabisa. Pichani hubaki viboko watano waliojipanga.

Viboko wenyewe wa Katavi ni habari nyingine. Wakati wa kiangazi hurundikana kwa mamia katika madimbwi ya Mto Katuma, na giza likiingia hutoka majini kwenda kula nyasi. Kiboko hana muda wa kutofautisha msanii na adui. Kazi ya namna hii hufanyiwa uwanja wa nyumbani au wa shule, si kando ya mto, na kuzurura ndani ya hifadhi usiku ni marufuku.

Moto wa Mtaa wa 23

Baada ya Vallauris, Mili aliendelea kuzunguka. Alimpiga picha mpiga selo Pablo Casals katika mji wa Prades, kusini mwa Ufaransa, alikokuwa akiishi uhamishoni kwa kuupinga utawala wa Franco nchini Hispania.

Mwaka 1961 alitumwa Israeli, akampiga picha Adolf Eichmann, mmoja wa wapangaji wa mauaji ya mamilioni ya Wayahudi, akiwa gerezani kabla ya hukumu yake. Safari hiyo hakuwapo mcheza dansi wala taa inayozunguka. Picha zinamwonyesha mtu wa makamo mwenye miwani akila, akisoma na akioshea mikono yake. Wapo waliozitazama wakitafuta alama ya ukatili usoni mwake wasiione.

Katika miaka ya 1960 studio ya Mtaa wa 23 iliteketea kwa moto. Maelfu ya picha na negativu, kazi ya miongo kadhaa, yalipotea humo.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kwa yeyote, lakini kwa kazi za aina ya Mili ilikuwa na uchungu wake. Mchoro wa kawaida wa Picasso ukipigwa picha na picha ikaungua, mchoro bado upo ukutani kwa mtu. Michoro ya hewani haikuwa na turubai wala karatasi. Kila mmoja ulidumu kwa sekunde chache mbele ya watu wachache waliokuwa chumbani, nao hawakuweza kuuona mzima kwa macho yao. Ulikuwa ndani ya filamu peke yake.

Kwa bahati nzuri picha za Vallauris zilikuwa zimekwishachapishwa na kuenea. Nyingi kati ya zile zilizokuwa zimefanyiwa kazi kwa ajili ya jarida zilinusurika kwa kuwa zilihifadhiwa mahali pengine. Mwaka 1970 Mili alitoa kitabu kuhusu Picasso, na mwaka 1980, akiwa na miaka 75, akatoa kingine chenye picha na kumbukumbu za maisha yake.

Picasso alifariki mwaka 1973. Mili aliendelea kupiga picha hadi uzeeni, akibaki karibu na jarida lilelile alilolianza nalo kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Alifariki Februari 14, 1984, katika mji wa Stamford, jimbo la Connecticut, kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka 79.